Mbwa Chini ya Meza

Tulikabidhi makoti manne, tukapewa kibati: mia mbili na nane.
Ákos alikitia mfukoni, na mchana kutwa
akawa anakipapasa kila baada ya vyumba viwili,
kama mtu aliyewahi kuondoka mahali bila koti.

Mama alitaka kuja kabla jicho la kulia
halijalifuata la kushoto.
Hakusema hivyo. Alisema: Jumapili itanyesha,
na watoto wakishinda ndani watagombana.
Mtoto ni mmoja tu.
Wanaogombana ni mimi na Ákos.

Ngazi za marumaru, pana, za bwana asiyependa wageni.
Mama alizihesabu kwa ncha ya kiatu.
Juu, dari ya dhahabu; chini, sakafu ya mbao
iliyomlalamikia kila mtu sawasawa,
wa tiketi nzima na wa nusu tiketi.

Lujza, miaka sita, pengo moja mbele,
ndiye aliyekuwa macho.
Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliichukua tu,
kama anavyowahi kubonyeza kitufe cha lifti.

"Huyu hana nguo, bibi. Wamemchoma mishale,
lakini uso wake ni wa mtu anayesubiri tramu."
"Hapa kuna samaki, na limau lililomenywa nusu, na nzi.
Nzi ni wa kuchorwa. Nimempulizia, hakuruka."
"Huyu mama amempakata mtoto mwenye uso wa mzee."
"Huyu tajiri. Kola yake keki."

Mama alicheka mpaka mlinzi akageuka kitini.
Maisha yangu yote nimemsikia akisoma vibao vya maelezo
kwa sauti ya mwalimu wa jiografia, maana ndiye aliyekuwa:
jina, mwaka, mji.
Leo hakutaka jina wala mwaka.
"Huyo nzi," aliuliza, "ametua wapi hasa?"

Kwenye ukumbi wa kumi na tisa akatuachia mikono,
akatangulia.
Alikuja hapa na baba yake, akiwa na umri wa Lujza,
majira ya baridi ambayo mkaa uliisha nyumbani.
Kiingilio kilikuwa senti chache, na joto la bure.
Walikaa mbele ya picha moja mpaka kengele ya kufunga:
harusi ya wakulima, meza, chungu, mpiga zumari.
Na mbwa. "Kushoto, karibu na benchi.
Baba alisema, tukipata nyumba yenye ua
tutafuga wa namna hii."
Ua hawakupata.
Na ilipofika vuli, baba hakuwapo.

Picha ipo. Meza ipo, chungu kipo, zumari ipo.
Kushoto pana ndoo.
Nilitazama. Ákos aliinama mpaka king'ora kikalia
na mlinzi akainua kidole.
Ndoo, majani makavu, mguu wa mtu, kivuli.
Tukatazamana, mimi na kaka yangu,
mara ya kwanza tangu maneno ya kuuza nyumba,
kila mmoja akimwachia mwenzake aseme.

"Yupo?" aliuliza mama.

"Yupo," alisema Lujza. "Ameingia chini ya meza.
Mkia tu ndio unaoonekana."

Mama alinyoosha mkono. Hakuuelekeza kwenye picha,
ila hewani, chini kidogo, usawa wa goti,
akauacha hapo kwa muda.
Mlinzi alitazama pembeni.

Ndani ya tramu makoti ya watu yalinuka sufu mbichi.
Tulipofika darajani, mama akauliza:
"Rangi gani?"
"Mweupe," alisema Ákos.
"Mweusi," alisema Lujza,
sauti zao zikakwama pamoja kama watu wawili mlangoni.
Mimi nikaitazama Danubi.

"Basi ndiye," alisema mama. "Alikuwa na madoa."

Ákos alitia mkono mfukoni, akapapasa,
akapapasa tena, akitafuta kibati
alichokwisha kukirudisha.