Dari la Ghorofa ya Saba

Kwa miaka minne sikujua kama juu yangu kuna mtoto.
Kumbe alicheza kila usiku, kwa vidole gumba viwili,
kimya kama mtu anayechambua dengu,
na vita vyote alivyopigana huko
havikutikisa hata chai kikombeni mwangu.

Kisha mjomba wake akaja kutoka Seoul na zawadi:
kijiti cheupe chenye kamba ya kufungia mkononi,
mchezo usiochezwa kwa kubonyeza
bali kwa kurusha mkono.
Nilijua siku hiyohiyo. Dari lilinipa habari.

Du. Du-du. Chaa! Taa ikayumba.
Jumatatu nilivumilia.
Jumanne nikagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Jumatano nikapanda ngazi na ndara zangu za ndani,
maneno makali nimeyapanga mdomoni kama karata.

Mama yake, Mi-ran, akafungua, uso umemwiva kwa haya,
akanijaza mapeasi mikononi kabla sijatupa karata hata moja.
Nyuma yake Seung-jae, miaka kumi na moja, soksi mguu mmoja,
anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.
Na kwenye runinga: meza ya kijani. Wavu. Mpira mdogo mweupe.

Sikuwaambia kwamba mchezo huo nimeufundisha
miaka thelathini na moja, shule ya wasichana, hapa hapa Daegu;
kwamba bega langu la kulia hutangulia kujua mvua.
Nilisema tu, "Hebu nipe."

Nikasimama inavyotakiwa, magoti laini, uzito mbele ya nyayo,
nikakata chini kwa chini, mkato ule
uliomliza bingwa wa Gwangju mwaka wa themanini na tisa.
Mashine haikuyaona magoti.
Ilihesabu mtikiso mmoja, ikanipa pointi ya huruma.
Na ile *tik*, ile *tik* ndogo ya mpira kwenye raketi,
inayopanda mkononi ikakuambia ukweli kabla ya jicho,
haikuwepo. Nilipiga hewa, hewa ikanyamaza.

Mtoto akacheka kwa adabu, kisha akakaa kwenye kochi.
Akakaa!
Akachezesha kiganja kama anayefukuza nzi,
akanifunga kumi na moja kwa tatu.
"Ukishazoea, Babu, huna haja ya kusimama."

Nikashuka na mapeasi yangu, nanung'unika:
wameahidi mwili mzima, wamechukua kiganja.
Afadhali kitufe. Kitufe hakijifanyi raketi.
Ukibonyeza, unaruka; usipobonyeza, unaanguka,
na hakuna aliyekudanganya.

Lakini usingizi ulikataa.
Mbele ya vitufe kumi na vinne ningekuwa nani mimi?
Na Mi-ran, ambaye miaka minne yote
hakukishika kidude cha mwanawe hata kukifuta vumbi,
jioni ile alichukua kijiti, akakosa, akakosa tena,
akalipiga kabati, akacheka mpaka akaketi sakafuni.
Seung-jae aliinuka kwenye kochi.
Kumchezea mama yake, alisimama.

Tumepatana. Kabla ya saa mbili usiku, kijiti.
Baada ya hapo, vidole gumba.
Siku nyingine inafika saa tatu, dari limetulia,
nami najikuta nalitazama.

Jumamosi alishuka kwangu. Nikampa raketi ya kweli,
mpini umelainishwa na jasho la wasichana ambao sasa wana wajukuu.
Nikamdondoshea mpira kwenye meza ya chakula.
*Tik.* Akautazama mkono wake.
Wa pili akaukosa, ukadunda, ukadunda, ukaingia chini ya friji,
naye akabaki amesimama tu,
anangoja mwingine ujitokeze wenyewe.

Nikaenda kuleta ufagio.
Tulikuwa tumelala kifudifudi, shavu sakafuni, wawili,
tunauchokoa kwa ule mpini,
pale mtu wa ghorofa ya sita alipoanza kugonga.