Jembe la Siku ya Tatu

Havlík wa karakana ya tramu alipohamia Ostrava
alituachia ndoo, na ndani ya ndoo, wawili:
si samaki, si mijusi, si vyura waliochelewa kukua;
salamanda wa maji, mgongo rangi ya matope,
tumbo rangi ya chungwa lililoiva mno.
Zdislava akawapa majina palepale jikoni, kabla ya kufikiri:
Knedlík na Zelí. Tonge na Kabichi.
Ukimpa mtu jina la chakula, alisema baadaye,
usishangae akikataa kula.

Siku ya kwanza: chembe za dukani, za kopo lenye picha ya kobe.
Zikaelea, zikalowa, zikayatia maji ukungu.
Siku ya pili: mabuu mekundu yaliyogandishwa,
tukayayeyusha kwenye kijiko,
tukayashusha kwa kibano hadi puani mwao.
Tonge aliyatazama
kama karani anavyotazama fomu isiyo na muhuri.
Kabichi alipanda jiwe, akageukia ukuta.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu jembe nililishika mimi.

Februari, udongo wa Olomouc mgumu kama sakafu ya karakana.
Nilibeba birika la maji ya moto kupita bustani za watu,
vibanda vimefungwa, mapipa yameganda,
nikalimwagia lundo la mboji, nikangoja mvuke upungue,
nikachimba. Mzee Otakar, akipita na mbwa wake,
akauliza nimezika nini.
Natafuta chakula cha wageni, nikasema.
Akawatazama nyungunyungu wawili kiganjani mwangu,
wembamba, wamejikunja kwa baridi,
akasema yeye ameshakula.

Niliwakata kwa mkasi wa kucha wa Zdislava,
jambo ambalo silitaji tena nyumbani.
Vipande vikapinda, vikacheza ndani ya maji.
Wapi!
Siku ya tano. Ya saba.
Nikaanza kuamka usiku na tochi,
na kila nilipomulika, macho manne madogo
yalikuwa yananingoja tayari,
yamezungushiwa dhahabu, bila lawama, bila hamu.
Mkanda wangu ulirudi ndani tundu moja.

Wewe ndiye unayewanyima, alisema Zdislava.
Nani atatafuna huku anamulikwa?
Akaizima tochi. Akalihamisha tangi koridoni,
ambako joto la hita halifiki,
akalifunika taulo,
akanipeleka kulala kama mtoto mwenye homa.

Siku ya tisa, alfajiri, niliinua pembe ya taulo.
Kabichi alikuwa anavua ngozi.
Ilikuwa imeanzia mdomoni, inateremka mabegani,
nyepesi kuliko ganda la kitunguu,
na mikono yake ikachomoka kwenye glavu zake mwenyewe.
Kisha akajipinda, akaidaka mkiani,
akaila. Yote, hadi vidole,
kwa uchu wa mtu aliyetoka kupasua kuni.

Kumbe mdomo unafunguka.
Kumbe alikuja na chakula chake, amekivaa,
nasi tunahangaika na vijiko.

Usiku ule niliacha vipande vitano kwenye kisahani.
Sikuchungulia. Nilikaa jikoni gizani
nikisikiliza chujio linavyonong'ona.
Asubuhi vilikuwa vitatu.
Nikahesabu tena. Nikainua jiwe, nikapapasa changarawe
nikitafuta visivyokuwepo,
na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Nani alikula, hatujui.
Zdislava anashikilia kwamba waligawana.
Tonge hana la kusema, ila amenenepa shingo,
au ni kioo tu.

Jumamosi nilirudi na birika langu.
Mzee Otakar alikuwa pale kabla yangu, na kopo la kahawa:
nyungunyungu wanne,
amewafunika majani yaliyooza
wasipate baridi njiani.