Ufunguo wa Kumi

Ukiiwasha ikasema tak, mara moja, kisha kimya,
usiilaani. Fungua boneti, tazama vichwa vya betri:
ule ukungu wa kijani ni chumvi, inakata umeme njiani.
Maji ya moto, mswaki uliostaafu,
kaza, jaribu tena.
Ikisema tak-tak-tak kama kuku adonoaye sinia,
umeme upo, ila haba. Hapo omba mlima.
Baba aliiegesha kila jioni pua ikitazama ziwa.
"Bukavu," alisema, "ni betri isiyoisha."

Moshi nao una lugha.
Mweusi: inameza mazuti bila kutafuna,
chujio la hewa limeshiba vumbi la Walungu.
Wa buluu: inakunywa oili yake yenyewe,
kama mkulima anayekula mbegu.
Mweupe, usiokoma hata jua likipanda:
maji yameingia kusiko kwake.
Kaa chini, hesabu pesa.

Haya niliyarithi pamoja na kamioneti,
ya mwaka niliozaliwa, nyekundu mahali inapokumbuka.
Napakia viazi Kabare, magunia kumi na mawili,
kumi na matatu mwenye mali akilia,
na tukipanda Kadutu, sindano ya joto inapanda kutuliko.
Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa na hasira.
Mkono wa baba ulikuwa na ramani nyeupe hadi kiwiko.
Subiri. Nunua karanga. Subiri tena.

Lakini kulikuwa na mlio mmoja usio katika somo lolote.
Kila kona ya kulia: kling.
Nikabadilisha bushi. Kling.
Nikatia grisi, nikafunga ekzosi kwa waya. Kling.
Fundi wa Nyawera alinilia dola arobaini
akasema hiyo ni sauti ya uzee.

Juzi, mvua imenikamata Mudaka,
kioo cha mlango wa abiria kikakataa kupanda.
Nikang'oa ubao wa mlango, nikaingiza mkono gizani
hadi begani,
nikatoa ufunguo wa kumi, ule wa kukazia nati,
umelala kwenye matope ya miaka kumi na mmoja,
na ile C ya Cirhuza, aliyoichonga baba kwa msumari,
ingali inasomeka.

Mugaruka. Kijana wake wa kazi.
Mifuko ya suruali imegeuzwa nje kama masikio ya mbuzi,
baba akisema mwizi, mbele ya wateja,
na mimi, miaka kumi na mitano, nimeshika ndoo ya mazuti,
nikiamini.
Aliondoka na ndara moja. Ya pili ilikaa kwetu mlangoni
mpaka mbwa akaichukua.

Sasa ana karakana yake Panzi, paa la turubai.
Nilifika injini ikikohoa: hewa imeingia kwenye mirija.
Nilijua. Ningeitoa mwenyewe kando ya barabara.
Akainama. Hakuuliza mimi ni binti wa nani,
gari lilikuwa limeshasema.
Akanyosha mkono nyuma bila kugeuka, kama zamani:
"Kumi."
Nikamwekea kiganjani.

Mkono ukasimama.
Kidole gumba kikaipata C, kikapita juu yake, kikarudi.
Nilikuwa nimepanga maneno tangu Nyawera,
kwamba baba yuko ardhini tangu Februari,
kwamba mlango, kwamba mvua.
Yote yaligoma kuwaka.
Akalegeza nati. Mapovu yakatoka, yakatoka,
kisha mazuti safi. Akakaza.
"Washa."
Ikawaka.

Alinitoza bei kamili. Nikalipa, sikubembeleza hata franka.
Ufunguo akabaki nao, mfuko wa kifuani.
Nikapanda kurudi mjini polepole,
na kwenye kila kona ya kulia
nilisikia pale ulipokuwa.