Karani wa Mizani, Kakira

Miaka kumi na tisa nimepima miwa ya watu;
leo muuguzi Nangobi kanidunga kidole,
akasoma tarakimu kama nisomavyo lori.
"Si kali. Bado changa."
Changa! Kana kwamba nimezaa.

Nyumbani Naigaga, kijiko cha sukari hewani,
akaningoja. Nikafunika kikombe kwa kiganja.
Redio ilitangaza mvua Busoga nzima.

Usiku nilikasirika, sifichi.
Alfajiri nikaiacha baiskeli ukutani,
nikatembea katikati ya miwa iliyonipita kimo,
harufu ya molasi nyuma yangu
kama mdai ajuaye ninapolala.
Nikamsalimu kwa jina.

Kabla ya lori la kwanza
nikapanda mizani, mimi na sukari yangu.
Mshale haukutikisika.