Daka la Raili

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga.
Basi hawakupata kufika Kajaani mwezi wa pili,
theluji imewajaa ndani ya mabuti hadi vifundoni,
mikono miwili ina mizigo, wa tatu haupo,
na taa ya kizingitini iliungua tangu Krismasi.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa daka la Raili Heikura:
ski zimeegemeana ukutani kama walevi,
sanduku la chupa tupu, bakuli la mbwa aliyekwisha kufa,
harufu ya sufu mbichi,
na kapeti moja jembamba lililokunywa maji
mpaka likachoka kunywa.

Wageni walibisha, wakaishia papo hapo.
Muuguzi wa Jumanne aliacha dawa juu ya kabati.
Pentti wa nyumba ya pili alirudisha msumeno,
akasema neno moja juu ya baridi, akaenda zake.
Raili akawaza: ni msiba. Watu huogopa nyumba iliyofiwa.
Mwaka mzima aliwaza hivyo.

Kisha Venla, mjukuu wake, miaka sita,
alikaa sakafuni kuvua buti,
kwenye theluji iliyogeuka tope,
akalowa makalio, akalia, akasema:
"Bibi, kwako hakuna pa kukaa kabla ya kuingia."

Kumbe.

Raili akashika futi kamba na penseli.
Hakupima kuta kwanza. Alipima watu.
Alimkalisha kaka yake Taisto, mwenye nyonga ya chuma,
juu ya vitabu vya simu vya zamani,
akaongeza kimoja, akapunguza, akaongeza viwili,
mpaka Taisto akainuka bila kushika ukuta.
Sentimita arobaini na tisa. Hicho ndicho kimo cha benchi.
Akamwambia Venla anyooshe mkono: hapo, kulabu ya chini.
Akajitwika mifuko miwili ya viazi, akapapasa ukuta kwa kiwiko;
kilipotua kiwiko, akatia alama ya swichi.

Fundi wa vigae alitaka vyeupe.
"Vyeupe ni vya picha," alimjibu. "Nipe rangi ya matope,
na mteremko kidogo, kiasi cha maji kuijua njia."
Msonobari kwa benchi, uwazi chini yake kwa mabuti,
rafu ya glavu juu ya bomba la joto
ili anayetoka atoke na vidole vyenye moto.
Kibakuli cha funguo. Kioo kimoja, tena pembeni,
maana nani anataka kujitazama kabla hajajifuta makamasi?

Kulabu zilikuwa tano. Kwenye ya nne
koti la Onni lilikuwa bado linaning'inia,
mfukoni risiti ya chambo na peremende mbili zilizogandana.
Alilitoa asubuhi, akalirudisha mchana.
Jioni akalitoa tena, akalikunja, akaketi nalo,
yeye wa kwanza kuketi kwenye benchi lile.
Kulabu akaiacha tupu.
"Hii ya nani?" Venla akauliza.
"Ya mtu."
"Mtu gani?"
"Sijui. Hajaja."

Novemba, saa kumi jioni, giza limekwisha kuingia: hodi.
Pentti, na koleo aliloazima.
Taa ikawaka. Akatazama chini, akaona pa kuweka mguu;
akatazama juu, akaona pa kuweka koti;
akaketi, akavua buti moja.
Akaanza na baridi, baridi ikaleta habari ya paa,
paa likamleta ndugu yake wa Oulu,
ndugu akaleta deni ambalo Pentti hakuwahi kumwambia mtu.
Kahawa ilipochemka, buti la pili lilikuwa bado mguuni.
Raili akaileta hapo hapo, akasogeza kofia, akakaa.

Nyumba njema si mlango. Haya, nimekubali.
Ila Pentti, tangu siku ile, huja kila Alhamisi,
na sebule ya Raili hajaiona.