Matiko

Eibar, Februari, zamu ya usiku.
Mvua inalisuuza bonde lote, kiwanda kwa kiwanda.
Eñaut aliyatoa mashoka sitini tanurini, mekundu kama ndimi,
akayazamisha kwenye mafuta, chwaa,
moshi ukapanda hadi kwenye mabati.
Akayapanga rafuni. Akatazama saa. Akavaa koti.
"Yaliyobaki kesho, Nekane."
Nilijua. Na nikatia saini.

Chuma kilichotoka kuzimwa
kina ugumu wa mtu mwenye haki:
hakipindi, hakisikii,
kinakwaruza kioo na kujisifu,
kumbe ndani kila chembe inavuta kwake
kama ndugu matangani wakigawana vyombo.

Saa tisa usiku: tik.
Nikadhani bomba.
Tik.
Kule rafuni, gizani, pasipo mkono wa mtu.
Nikaenda na tochi. Shoka la saba limepasuka
kuanzia tundu la mpini hadi ubavuni,
ufa mwembamba kama unywele kwenye sahani.
Hakuna aliyelipiga. Hakuna aliyeliangusha.
Lilikaa tu, na ukali wake.

Nikawasha oveni ndogo.
Nyuzi mia mbili na sitini, saa mbili.
Si moto wa kutisha; mama angeuokea mkate.
Nikasugua shavu la shoka moja kwa msasa hadi likang'aa,
nikageuza ndoo ikawa kiti,
kila baada ya muda nikafungua mlango kidogo, kuchungulia.
Rangi zinakuja zenyewe, hazitumwi:
manjano ya mabua,
chai ya rangi,
kahawia,
halafu pembeni zambarau inaingia kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu.
Hapo, toa.
Ukisubiri buluu, umelidekeza.

Mashine ya kupimia ina ncha ya almasi.
Inabonyeza, inaacha alama ndogo kuliko tetekuwanga,
inasoma: hamsini na saba.
Kabla ya oveni ilisoma sitini na mbili.
Daftarini hiyo tano inaonekana imepotea.
Muulize atakayelipiga gogo lenye fundo
asubuhi ya baridi, watu wakimtazama.

Mipini iko kwenye pipa la mafuta ya kitani tangu Jumatatu,
inakunywa polepole, haina habari.

Na ala zimefika jana kutoka ng'ambo ya mto,
maboksi manne, nailoni nyeusi.
Arrosa ndiye anayezichemsha.
Nailoni ikitoka kwenye kalibu ni kavu mno,
ukiikunja inakatika kama biskuti;
basi wanaitia maji ya moto, siku nzima, inywe,
ndipo inajua kupinda.
Aliniambia hayo zamani,
tulipokuwa bado tunaambiana.
Miaka mitatu sasa. Siku ya kumzika mama
nilimtamkia dada yangu neno,
jekundu, nikalizima hapo hapo,
nikavaa koti.

Nimekata utepe wa boksi la kwanza.
Mifuko ina ukungu kwa ndani, matone madogo,
maji yaliyopita mikononi mwake.
Nimevisha shoka moja ala. Imeingia,
imebana, ikaachia kidogo. Sawasawa.

Kumi na moja yamepasuka.
Arobaini na tisa yamepoa, ya kahawia, kimya.
Eñaut amerudi saa kumi na mbili na mikate miwili,
ameyahesabu kwa macho, hakuuliza.
Nikamwambia saini ni yangu.
Akanipa mkate mmoja.

Zamu ya kule inatoka saa mbili,
wanavuka kwa daraja la chini, wote, hakuna njia nyingine.
Mikono yangu inanuka mafuta na sabuni haisaidii.
Sijaandaa la kusema.
Nina saa mbili.