Maji ya Tano

Kutoka mlangoni kwangu, Igogo juu,
ninaliona ziwa zima bila kulipa kiingilio:
kivuko cha Kamanga kikikata maji kama mkasi wa fundi,
magugumaji yamejikunyata ufukoni,
mtu mmoja, mdogo kama punje, anaosha pikipiki.
Ndoo yangu ina vidole vinne.
Nimepima kwa mkono huu, alfajiri,
watoto hawajaamka kuniomba.

Wageni husema, Mwanza mmebarikiwa.
Kweli. Ila baraka yenyewe haipandi mlima.
Bomba lilifika kwenye genge la Nyanzobe, likachoka.
Alhamisi, saa nane za usiku, hukohoa:
upepo kwanza, halafu kutu,
halafu uzi wa maji wa kutosha kushonea kifungo.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Tumeyavulia. Tumesimama na povu masikioni.
Yenyewe yako kule chini, yanaogesha mawe.

Mama mkwe, Mbuke, alikuja kutoka Kishapu
ambako mto ni mchanga mtupu
na maji hufukuliwa kwa kata, kama deni la marehemu.
Siku ya kwanza aliliona ziwa akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akaiona ndoo.
Hakucheka tena. Alikunja khanga kiunoni, akanifundisha.

Ya kwanza, mchele.
Ya pili ni hayohayo, meupe kama uji wa mgonjwa: mchicha.
Ya tatu, hayohayo, sasa yana tope, sahani za jana.
Sabuni usitie, alisema, sabuni inafunga njia.
Ya nne, miguu ya watoto,
aanze mwenye viatu.
Na ya tano, mpapai ulioota kwenye ufa wa jiwe,
mpapai wenye udongo usiojaa kiganja,
anaumwagia polepole, kwa kikombe,
akiuita mjukuu.

Mwezi wa tisa Shija alipandisha nusu mfuko wa saruji begani,
akalijengea jiwe kubwa la nyuma ya nyumba
ukingo mwembamba, kama nyusi,
kutoka bega moja hadi jingine, hadi kwenye tangi.
Tulimcheka. Fundi wa vyoo anampaka jiwe wanja!
Mvua ya kwanza ikaleta mavi ya pimbi,
kandambili ya mguu wa kushoto, manyoya ya kunguru.
Shija akafungua kizibo cha chini, akayaachia yote.
Mbuke akatikisa kichwa, ameridhika:
hata jiwe lina maji yake ya kwanza.

Ya pili ilinyesha usiku.
Tulitoka na tochi za simu, hatusemi,
tunalisikiliza tangi likibadilisha sauti,
nene, nene zaidi,
mpaka likanyamaza kwa kushiba.

Asubuhi Bwana Lugeye, mwenye nyumba, alikuja na kufuli.
Jiwe, alisema, limo ndani ya mpaka wangu.
Shija akauliza kama mvua nayo imo kwenye hati.
Pakawa na kelele, mjumbe akaitwa, akaja na daftari lisilo na kalamu.
Mbuke aliuliza moja tu, akichambua mchicha,
wala hakuinua uso:
Jiwe hili, baba, ulilijenga lini?

Kufuli lipo mpaka leo, limening'inia msumarini, wazi.
Naandika ndoo za kila nyumba kwa mkaa, ukutani.
Lugeye naye ana mstari wake. Siku nyingine anapunja.

Siku ya kurudi Kishapu, Mbuke aliomba nimpeleke ziwani.
Aliingia na nguo zake, hadi magotini, akasimama.
Nikampa kikombe. Akakishika, akayatazama maji
mpaka upande ambako hayana upande.
Hakuchota.
Haya hayana hesabu, mwanangu, alisema,
akanirudishia kikombe kikavu.
Nisingejua pa kuanzia.